Kampuni imepanga sebuleni kwangu, na hailipi pango

Juni mwaka jana kampuni ninayofanyia kazi ilirudisha funguo za ghorofa ya tatu, pale maeneo ya Kabwe, Mbeya. Lifti hakuna, kwa hiyo meza tulizishusha kwa ngazi wenyewe, tukitweta na kutupiana maneno. Chumba kilipobaki kitupu niliona kwenye zulia vishimo vya miguu ya meza, vinne vinne, vimejipanga kama mashimo ya bao. Vya kwangu vilikuwa chini ya dirisha linalotazama mlima Loleza.

Makao makuu Dar es Salaam walituandikia kwa furaha kwamba sasa tutafanyia kazi nyumbani, na kwamba gharama zimepungua. Hapo kwenye kupungua ndipo ninapobisha. Mimi ni mhasibu. Kila tulipomlipa mwenye jengo, nilikata kodi ya zuio ya asilimia 10 na kuipeleka TRA. Leo kampuni imepanga sebuleni kwangu, pango sioni, na zuio sina la kukata.

Umeme wa LUKU nanunua mimi, bando naweka mimi. Na hii ni Mbeya, jamani. Ukikaa kwenye kiti tangu asubuhi mwezi wa saba, ikifika saa nne vidole havibofyi tena, unawasha kihita kinachokula uniti kama mbuzi kwenye shamba la mahindi. Mke wangu amekoma kukaribisha wageni mchana. Shangazi yake alifika siku moja bila taarifa, akapiga hodi kwa sauti ya Rungwe, na mkutano mzima Dar ukaitikia "karibu".

Lakini mimi angalau nina sebule. Ofisini kwetu kuna kijana aliyetoka chuo juzijuzi, amepanga chumba kimoja Uyole. Nilimpelekea nyaraka nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kompyuta iko juu ya ndoo iliyofunikwa kwa ubao, mtungi wa gesi uko karibu na goti. Zamani kijana huyu alikaa nyuma ya dada mmoja mzoefu wa kushughulikia madai ya wateja. Alimsikia anavyomtuliza mteja aliyekuja na hasira, anapopandisha sauti na anaponyamaza, na hakuna aliyemwita kumfundisha. Sasa akikwama ananitumia ujumbe, nami namjibu baada ya saa mbili.

Sisemi turudi siku zote tano. Nauli ya daladala nimeokoa, na mwanangu namfikisha shule mwenyewe. Ninachodai ni sehemu ya lile pango lililookolewa.

Wenzetu Marekani wamebaki na maghorofa mazima ya ofisi yasiyo na watu, na baadhi wanayageuza kuwa nyumba. Manhattan, jengo la 25 Water Street limetoa makazi zaidi ya 1,300. Ila ilibidi walitoboe katikati ili mwanga uingie, kwa sababu ofisi kubwa za namna ile zina tumbo pana, na nani atalala chumba kisicho na dirisha? Vyoo navyo vimerundikwa sehemu moja katikati, kwa hiyo mabomba yanatandazwa upya.

Majengo yetu ya Mbeya ni membamba, madirisha yanafunguka, ila choo ni kimoja mwisho wa korido. Shida yetu ni ngazi. Fremu za chini zikiachwa leo, kesho zina mtu. Za juu zinabaki na karatasi dirishani, "Ofisi inapangishwa", mpaka jua linafuta namba ya simu. Dalali mmoja aliniambia kwamba mnunuzi wa kitenge hapandi ghorofa ya tatu, na mwenye jengo hashuki bei. Anasubiri mpangaji mmoja wa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, kama tulivyokuwa sisi. Mimi ningekuwa yeye ningeweka meza, intaneti na jenereta, nikakodisha kwa siku. Kampuni imlipie yule kijana wa Uyole siku mbili kwa wiki, hata robo ya pango la zamani haitatumika. Nimeliandika hilo kwa wakubwa. Wamejibu kwamba wazo limepokelewa.

Ghorofa yetu ilikaa wazi miezi saba, ndipo kikaingia chuo cha ushonaji. Nilipita wiki iliyopita kumsalimu mama anayepika kwenye kibanda cha nyuma, tuliyekuwa tukila kwake kila mchana. Nikampongeza kwamba wateja wamerudi, na kweli mabinti walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, tepu shingoni.

"Wamerudi, baba," akasema, "ila hawa wanakula chapati na maharage. Nyama nimeacha kupika tangu mlipoondoka."

Akanipa chapati mbili. Pesa akakataa.