Funga dirisha, halafu shuka Nairobi

Kwetu Moshi ukisema unakwenda Nairobi, watu hawakuulizi unafuata nini. Wanakuuliza simu utaiweka wapi. Kabla ya safari yangu ya kwanza shangazi alinishonea mfuko ndani ya sketi, akaufunga kwa pini mbili, akaniusia nikifika nisiongee na mtu nisiyemjua.

Safari ile simu iliibwa. Nilikuwa kwenye matatu namba 9 kuelekea Eastleigh kufuata mzigo wa madera na mitandio. Foleni imesimama, nami nimefungua zile pini kuitoa simu ili nimwambie mama kwamba nimefika salama. Kijana aliyekaa pembeni yangu akasema, "Mathe," yaani mama, "funga dirisha." Nikaona ananizoea, nikampuuza. Hata sijamaliza kuandika ujumbe, mkono ukaingia kutoka nje na kuondoka na simu.

Lisemwalo lipo. Sifa mbaya ya Nairobi ipo, na wageni wameipa mpaka jina, Nairobbery, yaani mji na wizi kwa neno moja. Sina nia ya kubishana na aliyeibiwa, maana nami nimeibiwa. Ila nakumbuka vizuri zaidi yaliyofuata ndani ya matatu ile. Yule kijana hakunicheka. Alinipa simu yake nimpigie mwenyeji wangu. Mama wa kiti cha nyuma akanieleza jinsi ya kuifunga laini haraka kabla hawajagusa pesa. Makanga alikataa nauli yangu, na tulipofika akashuka, akanivusha barabara, akanikabidhi mlangoni mwa duka kama mtoto wa shule.

Tangu siku hiyo nimekwenda Nairobi mara nyingi, na siwezi tena kuwahesabu watu wasionijua walioniambia, "weka simu", "begi lete mbele", "hapo usipite saa hizi, zungukia huku". Msafiri mwingine akisikia hivyo anazidi kuogopa. Mimi nasikia nakaribishwa. Mtu asiyekujali hana sababu ya kukwambia ufunge dirisha.

Kinachoniuma ni kwamba wengi wanaousema vibaya mji huu hawajakaa humo. Mtalii anashuka uwanja wa Jomo Kenyatta, analala usiku mmoja hotelini nyuma ya geti, na alfajiri yuko Wilson anapanda ndege ndogo kwenda Maasai Mara. Nasi Watanzania hatuna tofauti kubwa: basi la asubuhi kupitia Namanga, mzigo, basi la kurudi. Halafu tunarudi nyumbani na simulizi za mji tuliouona kupitia kioo.

Eastleigh yenyewe ni mfano. Nilitishwa kuhusu mtaa huo kuliko mwingine wowote. Lakini nenda ukaulize habari za Garissa Lodge. Ilikuwa nyumba ya kulala wageni, na Wasomali waliokimbia vita mwanzoni mwa miaka ya 1990 walipanga vyumba humo na kuanza kuuza bidhaa vyumbani mchana, usiku wanalala pale pale. Vyumba vikageuka maduka, na majumba ya biashara yakaota mtaa mzima. Leo sisi wafanyabiashara wa Moshi, Arusha, Kampala na kwingineko tunapigana vikumbo kwenye ngazi zake. Tukimaliza kukubaliana bei, mama ninayenunua kwake mitandio huagiza chai ya maziwa ya ngamia yenye iliki na tangawizi, nasi tunakaa juu ya marobota tukizungumza habari za watoto. Sijapata kuharakishwa pale hata siku moja.

Jumapili ndiyo siku yangu ya katikati ya mji. Kelele zimepungua, unaweza kuinua shingo ukautazama mnara wa KICC, jumba la mikutano la kimataifa, ghorofa 28 zilizofunguliwa mwaka 1973, rangi yake kama ya chungu kilichotoka tanuruni. Ukipanda juu, vilima vya Ngong unaviona vimejipanga. Karibu na Msikiti wa Jamia iko maktaba ya McMillan yenye simba wawili wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa mwaka 1931, na hadi mwaka 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Kila nikipita napenda kuwatazama wanafunzi wanavyopanda ngazi zile bila kuwatupia simba jicho. Njiani kuna vitabu vya mtumba vimetandazwa chini. Wenyewe wanayaita maduka ya inama, kwa sababu ukitaka kitabu lazima uiname.

Chakula nisikimalize hapa. Niseme tu kwamba ukiagiza chai, inakuja ya maziwa. Ya rangi lazima uitaje, nao wanaiita strungi. Na jioni utafute mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu ukachomwa, kwenye kona yenye moshi, ule umesimama na kachumbari, pamoja na watu waliotoka kazini.

Ila mahali ninapompeleka kila anayeniambia Nairobi haifai ni msitu wa Karura. Zamani wakazi wenyewe waliuogopa. Ulikuwa wa majambazi, na mtu mwenye akili hakuingia. Kisha mwaka 1998 ikajulikana kwamba sehemu zake zimegawiwa watu binafsi ili wajenge. Mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake wakaenda kupanda miti, na Januari 1999 wakashambuliwa pale msituni, naye akapasuliwa kichwa. Hakuacha. Msitu ukabaki, baadaye ukazungushiwa uzio, na vijana wa mtaa jirani wa Huruma wakaajiriwa kuulinda. Sasa ukienda Jumamosi asubuhi utakuta watoto juu ya baiskeli, wasichana wanakimbia peke yao, wazee wametandika mkeka karibu na maporomoko. Mara ya kwanza nilikaa pale saa nzima nikiwatazama tu wale wasichana. Sehemu ile ile! Nilitaka shangazi awe nami aone.

Sisemi usiwe mwangalifu. Kuna barabara ambazo giza likiingia sipiti, na wenyeji nao hawapiti. Lakini wanaoumia zaidi na uhalifu wa Nairobi ni wakazi wake, mama anayeamka saa kumi usiku kuwahi soko Gikomba, kijana wa Mathare anayeogopa kibaka na kumwogopa askari pia. Hao hawaandikwi kwenye vitabu vya watalii. Inaandikwa kamera ya mgeni. Na wakazi hao hao, ambao wana haki kuliko sisi ya kuuchukia mji, ndio wanaouita Kanairo kwa mahaba, na wakiusema "shamba la mawe" unasikia mtu anayemsema ndugu yake.

Kwa hiyo nauliza anayepita: siku mbili zitakugharimu nini? Tafuta mwenyeji, hata mmoja. Panda matatu mchana, ile iliyochorwa mpaka kwenye tairi. Chukua sweta, maana mji uko karibu mita 1,800 juu ya bahari na jina lake lilitokana na maneno ya Kimaasai ya maji baridi. Ukiambiwa funga dirisha, funga, na umshukuru aliyekwambia. Mimi sikumshukuru yule kijana ipasavyo, na sijui nitamwona wapi.

Oktoba nina mzigo mwingine. Mijakaranda itakuwa imechanua zambarau, na wale korongo wakubwa wenye vipara watakuwa juu ya miti yao karibu na uwanja wa Nyayo, wakitutazama tunavyoingia. Kazi ya mzigo ni siku moja. Nimeshamwambia mwenyeji wangu wa Buruburu kwamba nitakaa siku nne, na shangazi safari hii anakuja.