Kidonda Kidogo, Amri Kubwa

Ubaya wa kupasuliwa kiuno kwa njia ya tundu dogo ni kwamba unarudi nyumbani bila ushahidi. Daktari amepenyeza kijibomba kwenye misuli ya mgongo, amechungulia kwa darubini, amekiondoa kipande cha diski (ule mto laini unaotenganisha pingili za mgongo) kilichokuwa kikiubana mshipa wa fahamu kati ya pingili ya nne na ya tano, kisha ameshona na kubandika plasta, na jeraha lenyewe halizidi sentimita 3. Wageni wanaokuja kunipa pole huomba kuliona, nami hupandisha shati kwa heshima zote, na hapo ndipo huruma inapoanza kuwatoka usoni. Shemeji yangu alivaa miwani, akainama kwa wepesi ambao kwangu ulikuwa tusi, akakodoa macho, kisha akauliza, "Ndiyo hii tu?"

Ndiyo hii tu, shemeji, lakini imekuja na sheria za kutosha kuendeshea dola. Nimepigwa marufuku kuinama, kujipinda, na kunyanyua chochote kinachozidi kilo 3. Sikuwahi kutambua kwamba mambo yote muhimu ya binadamu yamewekwa chini ya usawa wa magoti. Soksi ziko huko, viatu viko huko, na soketi ya kuchajia simu iko huko pia, imefungwa na fundi ambaye bila shaka mgongo wake ulikuwa mzima. Juzi rimoti ilianguka, ikalala vitufe juu ikinitazama, nami nikasimama juu yake wima kama mlingoti wa bendera, tukimsubiri mtu mwenye kiuno apite. Aliyepita alikuwa mtoto, akaiokota, akabadilisha chaneli, akaondoka nayo.

Kutoka kitandani nako kumekuwa na itifaki. Huruhusiwi kuinuka moja kwa moja. Sharti ukunje magoti, ugeukie ubavu huku mabega na nyonga vikizunguka kwa pamoja, kisha ushushe miguu wakati mkono ukiusukuma mwili juu. Usiku nikibanwa na haja ndogo, hukaa kwanza nikipima kama kweli inastahili shughuli yote hiyo. Haja kubwa ni kesi nyingine: vidonge vikali vya maumivu vinafunga choo, na karatasi ya maelekezo inakataza kujikamua. Ningependa kumwona aliyeandika sentensi hizo mbili katika ukurasa mmoja.

Kuketi kumewekewa kikomo cha nusu saa. Muda ukitimia nasimama, na mgeni akiniona nimesimama katikati ya habari zake, naye husimama, hushukuru na kuaga. Amri hiyo siilalamikii.

Mke wangu, ambaye hakuwamo katika chumba cha upasuaji, ameihifadhi karatasi ile kwa moyo. Nikijaribu kuinama kidogo tu, sauti hutoka chumba cha pili, "Baba, mgongo!" Anajuaje, sijui. Lakini kwa kuwa karatasi hiyo hiyo inasema kutembea ni sehemu ya matibabu, na kwamba nianze kwa mwendo mfupi nikiuongeza taratibu, amegundua kwamba mgonjwa anayetembea anaweza kutumwa, mradi mzigo uwe mwepesi. Sasa ninatumwa kiberiti. Nikirudi na kiberiti, ninatumwa chumvi.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba mguu hauumi tena. Yale maumivu yaliyokuwa yakishuka kutoka kwenye tako hadi kwenye unyayo, yakaninyima usingizi na kunipa haki kamili ya kulalamika, yameondoka, yakaacha ganzi kidogo kwenye kidole gumba. Nilipomweleza daktari kwamba najisikia vizuri, nikitarajia msamaha, alikunja uso na kusema kwamba wanaojisikia vizuri mapema ndio wanaomtia hofu, kwa sababu tundu kwenye ganda la diski bado halijafunga sawasawa, na kipande kingine kinaweza kuchomoka. Kwa hiyo nikiumwa, nipumzike. Nisipoumwa, nijihadhari zaidi.

Kliniki ni wiki ya 6, na maswali nimeshayaandika. La kwanza linahusu kucha za miguu, ambazo hazikuarifiwa kuhusu likizo hii na zinaendelea na kazi kama kawaida.