Ami, jibu la kafi la vipande ni hili

Ami yangu alilipindua kafi langu mara tatu, akapitisha kidole gumba kwenye mishono, kisha akaniuliza: "Mti mzima waukata vipande, kisha wauunga kwa gundi? Mbona hukuuwata kama ulivyo?" Tulikuwa Matondoni, kisiwani Lamu, alasiri, mashua iko juu ya magogo yangoja kutiwa kalafati. Nilibabaika. Jibu nalitoa leo, nikiwa Hamburg, ninakoishi mwaka wa tisa sasa.

Kiangazi kikifika hapa, ziwa la Alster hujaa watu waliosimama juu ya mbao, kila mmoja na kafi lake refu. Mchezo huu ulitoka Hawaii ukaenea duniani. Mtoto wa Lamu hushangaa kuona watu wazima wakilipia darasa la kusimama juu ya maji. Kwetu ulipewa mtumbwi na pondo, ukajua au ukaanguka. Nilikodi ubao nikaupenda mara moja. Kafi la alumini nililopewa ndilo lililonichukiza: baridi mkononi, na kila pigo latikisa kiwiko. Nikajiunga na karakana ya mtaa, mahali unapolipa ada ya mwezi ukatumia mashine zao, nikaanza kutengeneza langu.

Urefu wake ni kimo chako na shibiri moja juu. Mpini ni fito nne au tano za milimita 6 hivi, mwerezi mwepesi ndani, mti mgumu nje, na kila ufito unageuzwa ili nyuzi zake zisielekee upande mmoja na za jirani. Mmoja ukitaka kupinda, mwenzake unauzuia. Bapa, sehemu pana ipigayo maji, huinama mbele kiasi cha digrii 10. Wanaoanza, karibu wote, hulishika kinyume. Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenye jiriwa. Nilizikaza kwa nguvu zangu zote, kama nilivyoona mbao za mashua zikikazwa, gundi ikatoka yote na mpini ukaachana. Epoksi, gundi inayochanganywa na kigumishi ndipo ishike, yataka ibaki utando mwembamba katikati.

Lakini kujua pa kupunguza na pa kuwata, hilo sikulipata Ulaya. Hapa karakanani kila mtu amefunika masikio, anafuata mchoro wake, na ukikosea hakuna wa kukwambia. Matondoni huvuti randa mara mbili kabla mzee hajakohoa kukuonya. Nilivyokuwa mtoto nilikereka. Sasa ndicho ninachokikosa kuliko chakula.

Jambo moja nasimama na Wajerumani kabisa: bila glavu na barakoa hugusi gundi wala msasa. Vumbi la epoksi ambayo haijakauka sawasawa ni sumu, na ngozi ikishaikataa haiizoei tena. Nyumbani nimeona vijana wakipaka faibaglasi mikono mitupu, na wakubwa wao wametulia. Hilo tusilitetee kwa kusema ndivyo tulivyozoea.

Sasa, ami. Mti mzima uko wapi? Mbao ya zaidi ya mita mbili, iliyonyooka, isiyo na kifundo, huipati kirahisi. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji miti, hata mikoko yetu iliingia kwenye amri ile, wakata boriti wakakaa bila kazi. Na nyuma ya kila karakana pana rundo la vipande vya mwembe, msaji na mbambakofi vinavyongoja kuwa kuni. Mwembe ukae ndani ya bapa, mbambakofi pembeni panapogonga matumbawe. Msaji una mafuta, upanguswe kwa asetoni kwanza, la sivyo gundi haishiki.

Linaloniuma ni kuwa Shela, kisiwa hicho hicho, nimeona wageni wakipewa makafi ya plastiki yaliyovuka bahari kuja kwetu. Hapa Hamburg niliuza kafi langu kwa euro 220, na mnunuzi akataka niandike jina langu kwenye mpini. Mashua zote alizojenga ami, hakuna hata moja yenye jina lake.

Kilichobaki ni joto. Karakana ya hapa, wakati wa baridi, gundi hulala siku mbili haijashika mpaka niwashe hita. Matondoni nilichanganya kikombe kimoja, na kabla sijamaliza fito mbili kilikuwa chachemka na kutoa moshi, ami akarudi nyuma. Kaskazi ijayo nitakuja na kigumishi cha polepole na sinia pana badala ya kikombe, tuchanganye kidogo kidogo baada ya magharibi. Ami ameshaanza kuweka vipande vya mwembe kivulini.