DASH: zaidi ya nusu zilipotea, na hesabu hiyo haitoshi

Taja DASH, helikopta ndogo isiyo na rubani ya kuwinda nyambizi, mbele ya wapenzi wa historia ya manowari, nawe utatupiwa hesabu moja: Jeshi la Majini la Marekani lilipokea zaidi ya 700, na zaidi ya nusu zikapotea. Kesi imefungwa. Mimi ningeomba ifunguliwe.

Tatizo lililoizaa DASH lilikuwa la kweli. Sona, vyombo vya meli vya kusikiliza chini ya maji, za miaka ya 1950 zilianza kuzisikia nyambizi mbali kuliko silaha za meli zilipofika, na manowari kuukuu za Vita vya Pili hazikuwa na nafasi ya helikopta kubwa. Kampuni ya Gyrodyne ya Long Island ikaleta kimashine chenye seti mbili za mapanga, moja juu ya nyingine, kinachopeleka torpedo, yaani kombora la majini, umbali wa kilomita 35 hivi. Mwaka 1960 kilitua bila rubani kwenye USS Hazelwood.

Sasa ile hesabu. DASH ilitengenezwa kama kitu cha kutumwa: ikifikisha torpedo, imemaliza kazi, ikirudi, heri. Kwa hiyo mitambo yake ya elektroniki haikuwekewa ya akiba. Mmoja ukizima, helikopta yote inaanguka, na sehemu kubwa ya hasara ilitokea hapo. Vitani hayo ni mapatano mazuri, maana ndani hamna mtu wa kufa. Wakati wa amani kila iliyozama ilihesabiwa kama ndege iliyoanguka. Nahodha anayeogopa kuulizwa maswali hairushi. Vijana wasipoirusha hawaizoei. Siku wakiirusha, inakwenda na maji. Wajapani, waliozitumia hadi miaka ya 1970, walipoteza chache tu.

Wakosoaji wana hoja, sikatai. Mtu mmoja aliipaisha akiwa sitahani, akiitazama kwa macho. Kisha alimkabidhi mwenzake aliyekuwa chumbani, mbele ya rada, akifuata nukta. Helikopta haikumrudishia taarifa yoyote: ilikuwa juu kiasi gani, imeinama vipi. Nukta ikitoweka, ndiyo basi. Tena Waingereza waliweka rubani kwenye Wasp, helikopta ndogo iliyotua kwenye frigeti zao, na Wamarekani wenyewe wakaishia kwenye Seasprite yenye watu.

Ila kule Vietnam baadhi ya DASH zilifungwa kamera ya televisheni, zikapewa jina Snoopy, zikatumwa kuangalia makombora ya mizinga yanaangukia wapi. Mwendeshaji akapata macho.