Kabla ya kununua ripita ya tatu, vuta waya

Nyumba ya shangazi yangu iko Mji wa Kale, Mombasa. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene hata mtu mzima anakaa dirishani kama amekaa barazani. Ruta iko sebuleni, chini. Watoto wake walikuwa wakisomea ngazini, kwa kuwa waifai iliishia hapo. Nilipokwenda kuwaamkia siku ya Idi nilikuta ripita mbili, vifaa vya kupokea waifai na kuirusha mbele zaidi, zimechomekwa ukutani, na muuzaji ameshamshauri shangazi aongeze ya tatu.

Niliudhika. Ripita ya kawaida hupokea data kwanza, kisha huirusha tena kwenye chaneli ileile (yaani masafa yaleyale), na ikiwa inarusha haiwezi kupokea. Kasi hushuka karibu nusu. Ripita ya pili ikitegemea ya kwanza, unabaki na kama robo. Simu inakuonyesha mawimbi yamejaa, lakini darasa la video linakwamakwama, kwa sababu alama ile inapima mawimbi baina ya simu na ripita tu. Safari ya kutoka ripita hadi ruta huioni popote.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mtu yeyote ni hili: data itarudije kwenye ruta kuu? Kwa shangazi tulipitisha kebo ya Cat5e kwenye tundu la bomba la zamani, mita 15 hivi (kebo hiyo inafika hadi mita 100), na juu tukafunga ruta kuukuu iliyokuwa kabatini, katika modi ya aksesi pointi. Modi ina maana kubwa hapa. Ukiiacha katika modi ya ruta itagawia vifaa anwani zake yenyewe za mtandao, nyumba iwe na mitandao miwili, na printa ya chini isionekane juu. Katika modi ya aksesi pointi, kazi ya kugawa anwani inabaki kwa ruta kuu, na ile ya juu inarusha waifai tu. Tena, kwa kuwa inarudi kwa waya, hailazimiki kufuata chaneli ya ruta kuu kama ripita. Chini tuliweka chaneli 1, juu 6.

Jirani akauliza mbona hatukununua meshi, yaani seti ya vifaa vya waifai vinavyopitishiana data. Meshi naiheshimu sana. Freifunk wa Berlin, watu wanaojitolea kujenga mitandao huru, waliitumia kuunganisha mapaa ya majirani, na itifaki ya B.A.T.M.A.N. iliyozaliwa kwao, yaani kanuni za kuchagua njia ya data, iliingia katika kiini cha mfumo wa kompyuta wa Linux mwaka 2011. Nodi moja, yaani kifaa kimoja cha meshi, ikizimika, data hutafuta njia nyingine. Lakini baina ya paa na paa kuna hewa tupu. Kwa shangazi kuna matumbawe. Nodi zinazoongea kwa redio moja zina udhaifu uleule wa ripita. Zenye redio ya ziada kwa mawasiliano yao ni bora, ila masafa ya gigahezi 5 hudhoofika haraka yakikutana na ukuta mnene. Ukiwa na meshi, basi nayo iunganishe kwa kebo. Seti nyingi zina tundu la kebo nyuma.

Najua wapo wapangaji ambao mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutoboa ukuta. Kwao ripita au meshi ni halali kabisa, mradi kifaa kisiwekwe ndani ya chumba kisicho na mtandao. Kiweke katikati ya njia, mahali ambapo mawimbi ya ruta bado yana nguvu, na mlango ubaki wazi.