Tumuulize nini aliyeishi karibu na mbwamwitu?

Mtu aliyeishi karibu na mbwamwitu wa porini akialikwa kuzungumza, hadhira humuuliza kwanza kama hakuogopa, kisha kama wanyama wale walimpenda. Kwa maoni yangu maswali yote mawili yanamhusu yeye kuliko yanavyowahusu mbwamwitu. Mimi ningemuuliza ni jambo gani alilokuwa akiliamini kabla ya kufika huko, ambalo leo haliamini tena.

Mmarekani David Mech, mtafiti wa mbwamwitu, angekuwa na jibu refu. Katika kitabu chake cha mwaka 1970 alisaidia kueneza wazo la dume mbabe anayetwaa uongozi wa kundi kwa kupigana, wazo lililotokana kwa sehemu kubwa na uchunguzi wa Rudolf Schenkel, uliochapishwa mwaka 1947, kuhusu mbwamwitu waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Kuanzia mwaka 1986 Mech alikwenda kiangazi baada ya kiangazi katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, ambako mbwamwitu weupe hawajawindwa kiasi cha kumkimbia binadamu, nao wakamzoea hata akaweza kukaa karibu na pango lao na kuwatazama wakilisha watoto. Alichokiona ni familia: baba, mama na watoto wao wa miaka tofauti, wazazi wakiongoza kwa sababu tu ni wazazi. Mwaka 1999 aliyaandika hayo waziwazi, na baadaye akamsihi mchapishaji aache kukitoa kitabu kile, jambo ambalo waandishi wachache hulithubutu.

Kabla yake, mwanabiolojia Adolph Murie alitumwa Mlima McKinley, Alaska, mwaka 1939, wakati mbwamwitu walipolaumiwa kwa kuwamaliza kondoo wa milimani. Alikaa saa nyingi akitazama pango moja, akaokota mafuvu ya kondoo, na kugundua kuwa walioliwa zaidi walikuwa wachanga, wazee na wagonjwa.

Wapo pia waliolea mbwamwitu ndani ya uzio, wakalala nao na kula nao, na masimulizi yao ndiyo yanayovutia watu wengi zaidi. Siwadharau, lakini mnyama asiyeweza kuondoka wala kujichagulia mwenzi anaishi maisha mengine, na waandaaji wa mazungumzo wangefanya vyema kuitaja tofauti hiyo kabla mgeni hajaanza kusema.