Haki ya Kujilisha kwa Jembe, Wavu na Upinde

Katika mijadala ya maendeleo ya Afrika Mashariki, mkulima anayelima ili kaya yake ile, mvuvi anayevua kwa mtumbwi wa kasia na mwindaji anayetegemea pori huzungumzwa kama watu waliochelewa, na kazi ya serikali na wafadhili huonekana kuwa ni kuwatoa walipo na kuwaingiza sokoni. Mimi siukubali mtazamo huo. Ninaamini kwamba mara nyingi kilichozifukarisha jamii hizi si njia zao za kutafuta riziki, bali ni kunyang'anywa ardhi, msitu na maji ambavyo bila hivyo njia hizo haziwezekani. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza wabadilishwe vipi, tuulize ni nani mwenye haki juu ya mahali wanapopata chakula chao.

Wanaolidharau jembe la mkono wangesoma vizuri historia ya Kongwa, mkoani Dodoma. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikiwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mradi wa kulima karanga kwa trekta katika Tanganyika, na Kongwa ikawa makao ya mwanzo. Wagogo walioishi katika eneo hilo walikuwa wakilima mtama na uwele na kufuga ng'ombe, kwa sababu walijua kwamba mvua ya huko haitabiriki na kwamba mazao yasiyovumilia ukame ni hatari. Maarifa hayo hayakupewa uzito. Mashine zilivunjika katika kung'oa visiki, mvua ikakosekana, na udongo wa mfinyanzi ulipokauka ukawa mgumu kiasi kwamba karanga hazikung'oleka. Mradi uliachwa Januari 1951, baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Sisemi kwamba trekta ni adui wa mkulima. Ninachosema ni kwamba wale waliohesabiwa kuwa hawajui kilimo ndio waliokuwa na jibu sahihi kuhusu ardhi hiyo.

Mfano wa upande wa pili uko Mbinga, katika mkoa wa Ruvuma, ambako Wamatengo wanalima kwenye miteremko mikali kwa mfumo uitwao ngoro. Nyasi hufyekwa na kupangwa kwa mistari inayokatiza kama miraba, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika nyasi hizo, hivyo kwamba shamba zima linakuwa na mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maharage na mahindi hupandwa juu ya matuta kwa kupokezana, nyasi zilizozikwa zinaoza na kuwa mbolea, na maji ya mvua yanatuama mashimoni badala ya kuteremka na udongo. Mfumo huu umelisha watu kwa zaidi ya karne moja katika milima ambayo kilimo cha kawaida kingeiacha vipara. Ni haki pia kusema kwamba sehemu kubwa ya uchimbaji huo hufanywa na wanawake, na yeyote anayeusifu bila kuutaja mzigo huo anasifu nusu tu ya jambo.

Kuhusu uwindaji, dharau ni kubwa zaidi. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, ni watu wapatao elfu moja na ushei, na baadhi yao bado wanapata sehemu kubwa ya chakula chao kwa upinde, kwa kuchimba mizizi, kwa kuchuma matunda ya porini na kuokota ubuyu, na kwa kurina asali wakifuata ndege anayewaongoza hadi kwenye mti wenye nyuki. Anayewatazama kwa mbali huona nyama tu, na kusahau kwamba mizizi na matunda, ambavyo kwa kawaida hukusanywa na wanawake, hupatikana hata siku ambayo mwindaji amerudi mikono mitupu. Huo ni mpangilio wa usalama wa chakula: kinachokosekana kwa msimu mmoja hufidiwa na kingine, na kinachopatikana hugawanywa kambini badala ya kufungiwa ghalani. Udhaifu wake ni mmoja, nao ni kwamba unahitaji eneo. Wafugaji wenye shida zao wenyewe wakiingiza mifugo bondeni, au mashamba yakisogea, wanyama huhama na mizizi hutoweka, na hakuna ustadi wa mshale unaoweza kuziba pengo hilo.

Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji wa kitalii kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu ilitaka kutumia bonde la Yaeda, wanakoishi Wahadzabe hao, kama kitalu chake cha uwindaji, kisha ikajiondoa baada ya malalamiko ya Wahadzabe na watetezi wao. Miaka minne baadaye, mwaka 2011, serikali ya Tanzania iliwapa Wahadzabe wa bonde hilo hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja, inayohusu zaidi ya hekta 20,000. Kwangu mimi hati hiyo ina thamani kuliko semina nyingi za kuwafundisha ujasiriamali, kwa kuwa imewapa uwezo wa kusema hapana wakiwa na karatasi mkononi.

Sheria zetu, hata hivyo, bado zina upendeleo unaonisumbua. Nchini Tanzania, mgeni mwenye fedha anaweza kulipia leseni na kuua mnyama kwa ajili ya pembe za kutundika ukutani, ilhali mwanakijiji anayeua swala kwa ajili ya chungu cha jioni bila kibali huitwa jangili. Nchini Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inautaja waziwazi uwindaji wa kujikimu kuwa ni kosa. Ninaelewa hofu iliyozaa marufuku hiyo, kwani biashara ya pembe za ndovu ilikuwa inaangamiza wanyama. Lakini biashara hiyo haikuendeshwa na mtu aliyetega mtego wa digidigi.

Waogiek wa msitu wa Mau, nchini Kenya, wanalijua jambo hili kwa uchungu. Hawa ni warina asali na wawindaji ambao asali kwao ni chakula, dawa na bidhaa ya kubadilishana na majirani. Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 kuondoka msituni, kwa hoja kwamba msitu unapaswa kulindwa. Kesi yao ilifika kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 mahakama hiyo iliamua kwamba Kenya ilivunja haki zao. Ilikataa hoja kwamba wao ndio waharibifu, na ikaeleza kuwa msitu uliumizwa na uvamizi wa makundi mengine, umegaji wa ardhi yake, na vibali vya kukata miti vilivyotolewa na serikali yenyewe. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi milioni 157.85 za Kenya na ardhi yao ipimwe na kupewa hati ya pamoja. Pamoja na hayo, Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilibomolewa tena huko Sasimwani, Narok.

Uvuvi una sura nyingine ya tatizo lilelile. Sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na kwa kuwala furu alichangia kutoweka kwa spishi nyingi za samaki wadogo waliokuwa mboga ya kila siku. Viwanda vya minofu vilipojengwa, nyama ya samaki ilisafirishwa Ulaya na mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki baada ya minofu kukatwa, yakabaki kwa wenyeji. Sikatai kwamba sangara alileta fedha mwambaoni, lakini wenye nyavu, injini na mitaji ndio waliofaidi zaidi, na mvuvi mdogo mara nyingi aligeuzwa kibarua katika maji ya babu zake. Huko Kisiwa Panza, Pemba, wenyeji wameonyesha njia tofauti kwa kufunga sehemu za miamba kwa muda ili pweza wakue, kisha kuzifungua kwa wote, wakiwemo wanawake wanaovua kwa miguu maji yanapokupwa.

Najua nitaambiwa kwamba ninataka kuwafungia watu hawa katika maisha ya kale. La hasha. Njaa ilikuwepo zamani na ipo sasa, watoto wanahitaji shule na zahanati, na kijana wa Kihadzabe anayetaka kuwa mwalimu anastahili nafasi sawa na mwingine yeyote. Ila kuna tofauti kubwa kati ya kijana anayetoka porini kwa hiari, akijua kwamba mlango wa kurudi uko wazi, na yule anayetoka kwa sababu pori limeuzwa. Kenya inaweza kuanza kwa kuitekeleza hukumu ya Arusha kama ilivyoandikwa, kwa kupima mipaka ya ardhi ya Waogiek na kuwapa hati yao, na Tanzania kwa kuwagawia Wahadzabe waliobaki nje ya eneo la mwaka 2011 hati za namna hiyohiyo kabla bonde halijajaa.